Tuliowahi kufika Lisbon kutalii, tupeane uzoefu

Mleta uzi
Wakuu, habari za majukumu. Mungu akijalia, Novemba nitakuwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa siku nne. Safari ni ya mfuko wangu, si ya semina, kwa hiyo uwanja wa ndege hakuna wa kunisubiri na kibao chenye jina. Habari za viza msinikumbushe: ada yuro 90, bima ya matibabu yenye fidia ya kuanzia yuro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri... kidonda bado kibichi. Orodha ya vivutio nimeshaisoma. Nataka yaliyokukuta wewe mwenyewe. Kipi kilikunogea, kipi ulijutia?

Mama wa Tabata
Mdogo wangu, anza na viatu. Njia zao za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa mkono utadhani mkeka wa ukili. Vinapendeza kweli. Ila vimesuguliwa na nyayo miaka nenda rudi mpaka vinang'aa, na mvua ikinyunyiza kidogo tu, ni kama mtu kamwaga sabuni bafuni. Na huo Novemba wako ni mwezi wa mvua kule. Mimi nilikuwa na raba mpya za Kariakoo, soli ngumu, nimezinunua makusudi kwa ajili ya picha. Nateremka kutoka ngome ya São Jorge kuelekea mtaa wa Alfama, hatua tatu za mwisho nikazimaliza kwa makalio. Kibibi mmoja aliyekuwa anaanua nguo dirishani alinicheka kwanza, ndipo akaniletea kiti.

La pili ni mgahawani. Unakaa tu, hujaagiza, mhudumu anakuwekea mkate, zeituni na jibini. Nikasema moyoni, hawa watu wana ukarimu! Nikala vyote. Bili ilipokuja, kila kimoja kimeandikwa na bei yake. Si wizi, ndio utaratibu wao: usipogusa hulipi. Siku iliyofuata nilivisukuma pembeni, mhudumu akaviondoa bila kununa.

Konda Mstaafu
Mimi yangu ni tramu namba 28, ile ya njano inayopanda vilima kupitia Alfama. Kila mtu alinionya kuhusu vibaka. Nikawaambia mimi nimekulia Gongo la Mboto, nimening'inia kwenye daladala tangu sekondari, nani wa kunichomolea? Tukabanana mle ndani. Mbele yangu mzee na mkewe, wasafi, wana ramani, wanabishana kuhusu kituo. Yule mzee akayumba, akanishika bega, akaomba radhi kwa adabu. Nilipofika juu, zipu iko wazi na pochi haipo. Pasipoti ilipona kwa sababu ilikuwa tumboni kwenye kimkoba cha ndani.

Sasa kilichoniuma ni ile ramani. Vibaka wetu hawajafikia kubeba ramani.

Ukitaka kuipanda, amka mapema uidakie Martim Moniz inakoanzia, upate kiti. Na nunua kadi ya usafiri kituo cha metro. Ukilipa kwa dereva nauli inapanda. Au tembea tu kwa miguu ukiifuata reli, utaona mengi zaidi.

Mvita
Hapo kwa tramu sina la kuongeza. Mimi ni mtu wa Mombasa na safari yangu ilikuwa ya maneno. Siku ya kwanza nasoma vibao tu: mkahawani *mesa*, jengo la serikali lina *bandeira*, dukani *lenço*. Meza, bendera, leso! Nikamwambia mke wangu, hawa tumeachana nao zamani lakini vyombo vyao tulibaki navyo. Kisha tukafika mbele ya mlango mkubwa umeandikwa *Igreja*. Itamke polepole. Igereja... gereza. Kwao ni kanisa. Kwetu ni mahali pa kufungwa mtu. Wazee wetu husema neno lilitokea ngomeni, kwa kuwa Wareno walisali mle mle kwenye kuta za bunduki. Fort Jesus, ngome yetu ya Mombasa, waliijenga kuanzia 1593, Waomani wakawatoa 1698, halafu Mwingereza akaja kuifanya jela kabisa mpaka 1958. Neno likatimia.

Tukaenda mtaa wa Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos. Foleni ndefu uliyoiona kwenye picha ni ya kuingia ua wa ndani, unalipia. Kanisani kwenyewe tulipita bure. Ukiingia tu, mkono wa kushoto, kaburi la Vasco da Gama: kalala chali juu ya jiwe, viganja vimeunganishwa kama anayeomba, ubavuni wamemchongea jahazi lake. Huyu ndiye aliyekuja Mombasa Aprili 1498 tukapatana vibaya, akaenda Malindi wakampa rubani wa kumvusha Bahari Hindi. Watalii wanapiga picha, mwongozaji anasema "shujaa". Mke wangu ni mtu wa Malindi. Nikamwambia, haya, msalimie mgeni wenu. Akanifinya.

Fundi Mchundo
Kwa anayependa ujenzi, usikose magofu ya Carmo, kanisa lisilo na paa. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa na mishumaa inawaka, tetemeko likapiga. Waliokimbilia ukingo wa mto wakakutwa na mawimbi ya tsunami, kisha moto ukala mji siku kadhaa. Ule mtaa wa chini wa Baixa wenye barabara zilizonyooka ulijengwa upya baada ya hapo, na ndani ya kuta waliweka fremu za mbao zenye mikingamo, kama tundu la ndege, zicheze ardhi ikitikisika. Wanasema waliupima mfano wake kwa kuwapitisha askari wakipiga kwata kuuzunguka. Nilisimama pale na futi kamba yangu mfukoni, nikaona aibu kuitoa.

Kisiwani
Nimesoma kimya kimya, ila kwa alichoandika Mvita ngoja niseme langu.

Mimi kwetu Kilwa. Nilikuwa Ujerumani kwa kozi fupi, nikapata tiketi ya bei ya kutupa kwenda Lisbon wikiendi. Mvua ikanikimbiza kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Napita tu vyumbani nikisubiri mvua iishe, nikakuta monstransi, kile chombo wanachowekea Ekaristi. Dhahabu tupu yenye nakshi za rangi, mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja na sura yake. Kwenye kitako pana maandishi. Nikaizunguka kioo kwa kioo nikisoma herufi moja moja, nikafika mahali pameandikwa QILVA.

Nikarudia. Kilwa.

Gama alirudi pwani yetu 1502 na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, alipe kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ya Sofala, kule pwani ya Msumbiji ya leo, iliyokuwa ikipita mikononi mwa Kilwa, ndiyo iliyolipwa, na 1506 ikawa hicho chombo. Mji wenyewe Wareno walishauvamia mwaka mmoja kabla. Nyumbani, ukivuka na mashua kwenda Kisiwani, kitu cha kwanza kukiona ufukweni ni boma tunaloliita Gereza. Nimecheza mle utotoni, nimefukuza mbuzi mle.

Mlinzi alinisogelea kwa sababu nilikaa pale muda mrefu na paji la uso karibu ligusane na kioo. Nikamwonyesha pasipoti yangu ya Tanzania, mahali pa kuzaliwa, nikamwonyesha na neno kwenye kitako. Akaangalia kimoja, akaangalia kingine. Akaenda kumwita mwenzake wa chumba cha pili naye aje aone.

Mleta uzi
Kisiwani, umenivurugia ratiba yote. Hiyo makumbusho iko wazi kila siku? Mimi natua Jumatatu.

Kisiwani
Jumatatu wanafunga, na Jerónimos pia wanafunga. Nenda Jumanne asubuhi.

Mama wa Tabata
Na viatu umeshanunua?