Naomba ushauri: besi ya fanki ya zamani kwenye wimbo mpya

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina studio ndogo Chikongola, Mtwara. Nimemtengenezea kijana biti, ila besi yake inafanana mno na wimbo wa fanki wa Marekani wa miaka ya 1970. Sikukata kipande cha rekodi yao, nimepiga gitaa mwenyewe. Nimebadilisha kii, nimepunguza kasi, bado mzee wangu akiisikia anaimba ule wa zamani! Ninaogopa, maana hata "Uptown Funk" ya 2014, ya Mark Ronson na Bruno Mars, iliongezewa watunzi wa The Gap Band, bendi ya fanki ya zamani, mwaka 2015 kwa kufanana na wimbo wao. Kijana anataka kuutoa msimu huu wa korosho, watu wakiwa na hela.

Je, kupiga upya mwenyewe kunahitaji kibali cha mtunzi? Na nianzie COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania), au nimwandikie mwenye wimbo moja kwa moja?