Siku sita kwenye mto Spey bila salmoni hata mmoja: nirekebishe nini kabla ya Mei?

Mshipi Mrefu

Ndugu wavuvi, salaam.

Mwezi Mei mwaka jana nilipata nafasi ya juma moja katika kipande cha mto Spey, huko Uskoti, pamoja na wavuvi wengine watatu. Kwa kuwa sheria ya huko hairuhusu kuvua salmoni siku ya Jumapili, juma lenyewe ni siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, na kwa siku zote hizo sikutia samaki wavuni, ilhali wenzangu walipata wanne kwa jumla. Nilitumia fimbo ya mikono miwili ya futi 14, mshipi unaoelea mwanzo hadi mwisho, na nzi bandia ambao nadhani niliwabadilisha zaidi ya mara 40. Samaki walikuwepo bila shaka, maana waliruka mbele yangu kutwa nzima, mmoja wao karibu kiasi cha kunirushia maji usoni.

Mara mbili tu nilihisi kitu. Mshipi ulivutwa taratibu, kama ulionaswa na jani linaloelea, nikainua fimbo kwa haraka na kubaki na uzi mtupu. Mara ya pili ilikuwa Alhamisi jioni, na mhudumu wa mto, ambaye huko humwita gili, alikuwa amesimama ukingoni. Alitikisa kichwa, akaendelea kujaza kiko chake. Mwaka huu nimepewa nafasi ileile. Naomba kujua kama kosa langu lilikuwa nzi, au umbali wa kurusha, kwa sababu mimi hufikisha mita 20 hivi na wenzangu 30, au kama kuna jambo jingine nisiloliona.

Ukingo wa Kulia

Ndugu Mshipi Mrefu, pole kwa juma hilo, ingawa si wewe wa kwanza wala hutakuwa wa mwisho.

Anza na hili: salmoni aliyeingia mtoni kutoka baharini hali chakula. Anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini hadi atakapotaga, kwa hiyo humtafutii mlo anaoupenda, bali unampitishia kitu mbele ya macho kwa namna itakayomchokoza. Mabadiliko 40 ya nzi yana maana moja tu kwangu, kwamba kila baada ya muda mfupi nzi wako alikuwa mkononi mwako akifungwa fundo, badala ya kuwa majini. Mita 20 zinatosha kabisa kwa sehemu kubwa ya madimbwi ya Spey, iwapo mshipi unatua ukiwa umenyooka.

Swali ambalo ningependa ulijibu ni joto la maji. Mwezi Mei theluji ya milima ya Cairngorms huweza kuwa bado inayeyuka na kuingia mtoni, na maji yakawa baridi hata siku ya jua. Kanuni ya wengi ni kwamba chini ya nyuzi joto 10 nzi anapaswa kuzama kiasi na kupita polepole, kwa hiyo unafunga ncha inayozama mbele ya mshipi na kurusha kwa pembe kali zaidi kuelekea chini ya mkondo, kisha unauinua mshipi na kuulaza upande wa juu ili mkondo usiukokote. Juu ya nyuzi 10, mshipi unaoelea na nzi mdogo hufanya kazi vizuri, na unaweza kurusha ukikata mto zaidi ili nzi apite kwa kasi.

Halafu kuna mwendo wa miguu. Rusha, acha nzi azunguke hadi asimame chini yako, vuta kidogo, piga hatua ya mita moja au zaidi, kisha rusha tena. Ninaona wavuvi wakisimama nusu saa mahali pamoja kwa sababu samaki ameruka hapo, nao ndio wanaomaliza juma mikono mitupu. Anayeruka juu na kuanguka kwa kishindo mara nyingi hana habari na nzi wako. Anayeonyesha kichwa, kisha mgongo, kisha mkia, kwa utulivu kama anayejigeuza kitandani, huyo ndiye wa kumrudia. Ni afadhali kupita dimbwi zima mara mbili kwa mwendo wa haraka kuliko kulipitia mara moja kwa kusuasua. Na ukimkuta mwenzako ameshaingia, unaingia upande wa juu wa mkondo na kumfuata nyuma. Kuingia upande wake wa chini ni utovu wa adabu ambao gili hatausahau hadi Jumamosi.

Mzee wa Mikondo

Ndugu yangu, Ukingo wa Kulia amesema vema kuhusu maji, lakini mimi nimesoma ujumbe wako mara mbili na ninachokiona ni kwamba ulikuwa na samaki wawili, nawe mwenyewe ukawanyang'anya nzi mdomoni. Lile jani linaloelea uliloeleza ndiye salmoni.

Nzi anapovuka mkondo huku mshipi umekazika, samaki humfuata, humchukua na kugeuka kurudi mahali pake. Ndoana hukaa pembeni mwa mdomo baada ya kugeuka, si kabla. Ukiinua fimbo unapohisi tu mguso, unamvutia mbele na kumtoa mdomoni. Kwa hiyo mimi hushika kitanzi cha mshipi, kama urefu wa kiganja na nusu, kikining'inia kati ya gurudumu la kukunjia mshipi na kidole cha shahada. Nikihisi mvuto, nafungua kidole. Kitanzi huanza kuteleza, kwanza taratibu kiasi cha kuhesabu pete za fimbo, kisha hupotea ghafla, gurudumu hulia, na hapo ndipo ninapoinua fimbo bila papara. Mkono wangu ulichukua misimu mitatu kukubali kukaa kimya, na hata sasa mapigo ya moyo hayajakubali.

Nzi Mweusi

Kwa heshima zote kwa Mzee wa Mikondo, kitanzi hicho ni kizuri katika maji ya polepole, lakini Spey ni mto wa kasi, na katika kasi hiyo mkondo wenyewe hufanya kazi ya kumgeuza samaki na kuikaza ndoana. Mimi sishiki kitanzi hapo. Nalegeza breki ya gurudumu, naelekeza ncha ya fimbo kwenye mshipi, na simgusi mpaka atoe mshipi mwenyewe. Tunakubaliana katika jambo lililo kubwa zaidi, kwamba usimkatishe.

Juu ya nzi, sikubali kwamba hana maana yoyote. Aina haina uzito sana, awe Cascade, Willie Gunn au Stoat's Tail, lakini ukubwa na uzito vina maana: mto ukiwa umejaa na una rangi, chukua mkubwa anayeonekana, ukipungua na kutakata, punguza nawe. Saa nzuri kuliko zote ni maji yanapoanza kushuka na kutakata baada ya mvua. Chagua jiwe moja ukingoni unapofika asubuhi, tazama alama ya unyevu juu yake, nawe utajua mto unapanda au unashuka.

Na kwa kuwa umesema fimbo ni ya mikono miwili, angalia upepo kabla hujarusha kwa mrusho wa Spey, ule ambao nzi hugusa maji kwanza kando yako ndipo arushwe mbele. Upepo ukivuma kuelekea juu ya mkondo, nzi lazima aguse maji upande wako wa juu, kwa hiyo tumia ule wa mkupuo mmoja. Ukivuma kuelekea chini, aguse upande wa chini, kwa ule wa mikupuo miwili. Nilikosea mara moja tu, na kofia yangu ina tundu hadi leo.

Mshipi Mrefu

Nawashukuru nyote. Nimepekua daftari langu: maji yalikuwa nyuzi 7 asubuhi tatu za mwanzo, na mimi nikiwa na mshipi unaoelea. Mzee wa Mikondo, umenichoma lakini ni kweli. Swali la mwisho: nikimpata, je, nimrudishe?

Ukingo wa Kulia

Nyuzi 7 na nzi akielea juu. Basi siku tatu zimejieleza zenyewe.

Kabla ya 1 Aprili sheria ya Uskoti inalazimisha kila salmoni arudishwe. Baada ya tarehe hiyo inategemea daraja la uhifadhi la mto, ambalo hutathminiwa kila mwaka, pamoja na masharti ya mwenye kipande, kwa hiyo muulize gili Jumatatu kabla hujalowesha mshipi. Kumuuza samaki uliyemvua kwa fimbo ni marufuku kabisa huko. Mimi huwarudisha wote wa majira ya kuchipua, na tangu mwaka 2023, salmoni wa Uingereza walipowekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, sioni haja ya kubishana. Usimkokote hadi kwenye kokoto. Tumia wavu usio na mafundo, mwache ndani ya maji akiwa ameelekea mkondo, lowesha mikono, na umshikilie chini ya tumbo hadi atakapoondoka kwa nguvu zake.

Na kama vifaa vyako viliwahi kuingia katika mito ya Norway, viue vijidudu na kuvikausha kabisa kabla ya safari, kwa sababu kimelea cha Gyrodactylus salaris kimemaliza salmoni katika mito kadhaa ya huko, na Uskoti haijakipata. Kijino cha ndoana kibane kwa koleo nyumbani, nzi akiwa bado ndani ya kisanduku. Samaki akishakuwa wavuni, vidole vilivyoganda havitafanya kazi hiyo.