Mustang ya mita 2.26 ina mkia mzito: niongeze risasi (ile metali nzito) au nihamishe betri?

Baba Salim (Dayton, Ohio)

Habari zenu wakuu. Nina ndege gerejini inaninyima usingizi, naomba msaada kwa anayejua.

Ni ndege ndogo ya rimoti, mfano wa ile ndege ya kivita P-51D Mustang, ya petroli, kipimo cha moja kwa tano. Ile halisi ilikuwa na mita 11.28 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, kwa hiyo yangu ni mita 2.26, na urefu karibu mita mbili. Injini ni cc 60, silinda moja. Bodi na mabawa vilikuja vimeshajengwa kwa plaiwudi na balsa. Kazi yangu ilikuwa kufunga injini, tangi, miguu ya kukunjika, sevo (vile vimota vya kusogeza usukani) na nyaya, kisha rangi. Nilianza Novemba na sasa ni Machi.

Mtaniuliza kwa nini Mustang. Mwanangu Salim ana miaka 13. Mwaka jana nilimpeleka makumbusho ya jeshi la anga hapa Dayton, akakwama mbele ya picha za wale marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, Alabama. Kundi lao la 332 lilipewa Mustang Julai 1944 huko Italia, wakazipaka mkia wote mwekundu, wakawa wanasindikiza ndege kubwa za mabomu. Nyumbani kwao hawakuruhusiwa hata kukaa meza moja na weupe, lakini angani ndio waliokuwa wakiwalinda. Njia nzima kurudi nyumbani mtoto hakusema neno. Tulipofika akaniambia, "Baba, tutengeneze moja, mkia mwekundu." Nikakubali palepale.

Basi nimeupaka huo mkia kwa moyo wote. Praima, halafu nyekundu mikono mitatu, halafu vanishi. Nilikuwa napiga msasa na maji kila mkono ukikauka, unang'aa unaona uso wako.

Shida ya kwanza niliikuta mapema nikaimaliza. Ukuta wa injini, ule wa plaiwudi unaobeba injini yote, ulikuja umegandishwa kwa gundi kidogo mno. Nilipitisha ukucha kwenye kona, gundi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Niliung'oa wote, nikapiga epoksi ya dakika 30, nikatoboa matundu pembeni nikapachika vijiti vya mishikaki vilivyochovywa gundi, sita kila upande. Gereji ilikuwa na baridi na epoksi haipendi baridi, nikaweka hita mita moja kutoka pale, nikakaa nayo hadi saa sita usiku. Sasa hata ukiishika ndege kwa injini ukaitikisa, haisogei.

Shida ya pili ndiyo imenileta. Karatasi ya maelekezo inasema kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapotulia bila kuinama mbele wala nyuma, kiwe milimita 140 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, pale bawa linapokutana na bodi. Jana mimi na Salim tumeigeuza kichwa chini, maana bawa liko chini, tukaweka vidole kwenye alama na kuinyanyua. Mkia ukashuka pu! Tulisogeza vidole nyuma kidogo kidogo hadi ikatulia kwenye 165. Yaani milimita 25 nyuma. Tangi lilikuwa tupu, miguu iko nje. Uzito wote kilo 11.2.

Nimepiga hesabu naona nahitaji risasi karibu gramu 850 puani. Karibu kilo nzima! Je, ndiyo kawaida? Na tunapima miguu ikiwa nje au imekunjwa? Nimealikwa uwanja wa klabu Jumamosi ya wiki ijayo, usajili nimeshafanya na namba nimeibandika ubavuni.

Mzee wa Mtongwe (Houston)

Baba Salim, pole na hongera. Vijiti vya mishikaki nimevipenda, hata mimi ndivyo ninavyofanya. Wengi hufunga injini juu ya gundi ya kiwandani bila kuigusa, kisha injini inaondoka na ukuta wake.

Usiirushe kwenye 165, nakuomba. Hata 155 usiirushe. Mwaka 2015 nilikuwa na Thunderbolt ya ukubwa huohuo, mkia mzito kwa milimita 15 tu, nikajisemea nitairekebisha kwa rimoti. Iliondoka ardhini kabla sijaiambia. Pua ikapanda, nikasukuma chini, ikashuka kupita kiasi, nikavuta kidogo tu, bawa la kushoto likaanguka. Sekunde nane. Nilikwenda kuokota vipande na gunia. Ndege yenye pua nzito huruka vibaya, ila inarudi nyumbani. Yenye mkia mzito hukuuliza swali moja tu, na huna muda wa kulijibu.

Kuhusu miguu: kwenye Mustang inakunjwa kwenda ndani, kuelekea katikati ya tumbo, kwa hiyo kitovu hakihami sana. Ingekuwa Corsair au P-40, ambazo miguu yake inajizungusha na kulala kwa nyuma, hapo tofauti ni kubwa. Wewe ikunje, upime, uamini hicho kipimo. Tangi tupu umefanya sawa, maana tangi liko mbele na petroli ikiisha kitovu kinarudi nyuma.

Sasa, kabla ya risasi. Hesabu yako naielewa: kilo 11.2 mara milimita 25 ni 280. Ukigawa kwa milimita 330, ambao nadhani ndio umbali kutoka alama ya 140 hadi ukuta wa injini, unapata hiyo 850. Hesabu haina kosa. Lakini risasi ni ya mwisho. Betri zako ziko wapi? Na je, vipande vya mkia ulivipima kabla ya rangi?

Baba Salim

Shikamoo mzee wangu, na asante.

Betri ziko mbili, gramu 180 kila moja, nimezilaza chini ya kiti cha rubani kwa sababu pale pana nafasi. Ni kama milimita 70 nyuma ya alama. Umbali hadi ukuta wa injini umekadiria sawasawa, ni 330.

Mkia nilipima. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli Tanga, alinifundisha kila kitu unachofunga kipime na uandike, basi mimi naandika ukutani kwa penseli. Vipande vyote vya mkia kabla ya rangi: gramu 412. Nimekwenda kuvipima tena sasa hivi: 562.

Rangi yangu ni gramu 150, mzee. Nimekaa chini.

Mzee wa Mtongwe (Houston)

Marahaba. Usikae chini muda mrefu. Mkia wako uko kama milimita 950 kutoka kwenye alama. Gramu 150 mara 950 ni 142 na ushei kwa hesabu yetu ileile. Yaani nusu ya tatizo lako ni hiyo rangi. Kila gramu uliyoweka kule nyuma inadai karibu gramu tatu puani.

Lakini usiupige msasa! Nasema hivyo nikijua wengine watakushauri vingine. Mkia ule ndio sababu ya ndege yote. Hamisha betri zako mbele hadi ukutani: gramu 360 kwa safari ya milimita 400 ni 144. Betri zimelipa deni la rangi, hujaongeza hata gramu moja.

Inabaki 136. Ukiweka risasi ukutani ni gramu 412. Ukiweza kuibana mbele zaidi, kwenye kisanduku cha injini karibu na pangaboi, milimita 430 kutoka kwenye alama, ni gramu 316. Weka mbele kabisa. Na usiigandishe kwa gundi peke yake. Injini ya silinda moja inatikisa, risasi itabanduka siku moja. Itoboe, ifunge kwa bolti na nati ya kujikaza.

Fundi Ndege wa Indy

Hamjambo wote. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya kukarabati ndege za kweli hapa Indianapolis, na za rimoti ni za Jumapili.

Baba Salim, vidole vyako na vya Salim si mizani. Kilo 11 mkononi, mmoja anachoka, mwingine anasogeza, tayari umekosea milimita tano. Fanya kama tunavyofanya kazini. Tafuta mizani tatu za jikoni zinazobeba kilo saba au zaidi. Weka gurudumu la mbele kila moja kwenye mizani yake, na la mkiani kwenye ya tatu, ukiiinua kwa vitabu mpaka bodi ilale sawasawa kama inavyoruka, pima kwa pima maji. Chukua uzito wa mkiani, zidisha kwa umbali kutoka ekseli za mbele hadi ekseli ya nyuma, gawa kwa uzito wote. Unapata kitovu kiko nyuma ya ekseli za mbele kwa kiasi gani. Dondosha uzi wenye nati kutoka kwenye ukingo wa bawa ujue ekseli iko wapi.

Jambo la pili: betri zisogee, lakini risiva (kile kipokezi cha mawimbi ya rimoti) ibaki nyuma ilipo. Mfumo wa kuwasha plagi hutoa kelele za umeme. Iache sentimita 30 kati ya plagi na risiva, na nyaya za swichi ya kuzimia injini zisifungwe kwenye fungu moja na nyaya za sevo. Kisha zima rimoti ndege ikiwa imefungwa chini na injini inanguruma, uone injini inashuka yenyewe. Usipoliona hilo kwa macho yako, usiende uwanjani.

Kaka Bukavu (Columbus)

Ndugu Baba Salim, aksanti kwa kuleta habari ya hao marubani. Watoto wangu nimewasomea ulivyoandika.

Mimi nina swali dogo na shauri dogo. Hayo matangi ya petroli ya chini ya mabawa, yale ya Mustang ya safari ndefu, umeyafunga? Kama ndiyo, yatoe kwa siku ya kwanza. Yangu nilikuwa nayo, moja likalegea hewani, ndege ikawa inavuta upande mmoja hadi nikatua. Uzuri wa picha utangoje.

Mzee wa Mtongwe (Houston)

Kaka Bukavu amesema kweli. Na wewe Baba Salim, siku ya kuruka: flapu nyuzi 10, gesi polepole kama unamwaga maziwa. Pangaboi litaivuta pua kushoto, shika usukani wa kulia tangu mwanzo, usingoje ianze kupinda. Mkia ukiinuka, iache ikimbie. Usiivute ipae kwa kuwa imechangamka. Ngoja ipate mwendo hadi uone inataka yenyewe. Kutua, iletee mwendo kidogo, igusie magurudumu mawili ya mbele, mkia ushuke wenyewe. Miguu ya Mustang imetanuka, itakusamehe pale ambapo Spitfire isingekusamehe.

Baba Salim

Wakuu, narudi na majibu.

Mizani mbili nimeazima kwa majirani, ya tatu ni ya mke wangu ya unga. Dada Fundi wa Indy, njia yako ya mizani imenifungua macho. Kabla ya kuhamisha chochote, mkiani ilisoma kilo 1.0, ekseli hadi ekseli ni milimita 1,150, nikagawa kwa 11.2, nikapata 103. Ekseli iko 62 nyuma ya ukingo wa bawa. Jumla 165. Palepale. Vidole vya Salim havikukosea!

Betri zimekwenda mbele, nimezilaza kwenye sponji na kuzifunga kamba za velkro mbili kila moja. Risiva imebaki. Risasi nimeyeyusha nje ya gereji, upepo ukiwa mgongoni, kwenye kopo la samaki. Vipande viwili vya gramu 158, kila kimoja kina bolti mbili. Nilipopima tena: kilo 11.52 zote, mkiani gramu 780. Hesabu inatoa 78 nyuma ya ekseli, yaani 140.

Nilirudia mara tatu. Mara zote 140 au 141.

Matangi nimeyatoa. Jana jioni tuliifunga kwenye nguzo, Salim kakaa nyuma ya mkia mbali kidogo, nikawasha. Ilikataa mara mbili, ya tatu ikashika. Nikazima rimoti, injini ikashuka yenyewe hadi mlio wa chini kabisa. Nikawasha tena rimoti, nikampa Salim, akasogeza elevata (kile kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) juu na chini, ule mkia mwekundu ukamjibu.

Jumamosi wanasema upepo ni maili sita kwa saa, na unakuja sawasawa na njia ya kurukia. Tunatoka nyumbani saa moja asubuhi.