MJADALA: Barafu ya uwanja wa hoki wa umma ibaki kiangazi au iyeyushwe?

Wakuu, salamu. Huku kwetu Ontario, Kanada, kila Aprili halmashauri huzima mitambo ya kugandisha, barafu inayeyuka, sakafu ya zege wanaachiwa wacheza lakrosi (mpira wa fimbo zenye wavu) mpaka vuli. Sasa wazazi wa hoki wanataka barafu ikae mwaka mzima ili watoto "wasiachwe nyuma". Nina kijana wa miaka 11, Mkongo kwa baba, Mkanada kwa fimbo, na nasema iyeyushwe.

Bili ya kugandisha maji Julai tuiache kwanza. Nasemea mwili. Anayeteleza husukuma mguu pembeni, paja limegeukia nje, kisha msuli wa ndani ya paja ndio unaourudisha. Fanya hivyo miezi 12 na mifupa bado inakua, uone kinena kitakavyolia. Utafiti wa timu moja ya NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, uliochapishwa 2001, ulikuta kwamba mchezaji ambaye nguvu za paja la ndani hazifiki asilimia 80 ya zile za nje ya nyonga, uwezekano wake wa kuumia msuli huo ni mara 17 ya wenzake. Hao ni watu wazima wenye fizio wao! Chama cha madaktari wa watoto Marekani kinashauri mtoto apumzike mchezo wake mkuu miezi mitatu kwa mwaka, hata kwa mafungu ya mwezi mmoja mmoja. Gretzky mwenyewe, gwiji wa hoki, utotoni kiangazi alikuwa kwenye besiboli na lakrosi.

Mama Wawili, Edmonton: Kaka, Gretzky wa enzi hizo usituletee. Wangu alianza na miaka 9, wenzake walianza na 4. Atawafikia lini kama si kiangazi? Halafu mkizima uwanja wa umma, wenye pesa watalipia kambi binafsi. Atakayepumzishwa ni wangu tu.

Mtoa mada: Dada, hilo la kambi lina uzito. Basi barafu irudi Agosti, kabla ya mchujo wa timu, na saa za watoto ziwe bure. Mei hadi Julai, hapana.

Kocha wa viungo, Minnesota: Mnagombea barafu, kazi ya kiangazi iko nje. Zamu moja ya hoki ni kama sekunde 45, halafu benchi. Kwa hiyo tafuta kilima: panda kwa kasi sekunde 40, shuka polepole, pumua vizuri, rudia mara sita. Kisha ruka pembeni kwa mguu mmoja, tua, tulia hesabu mbili bila kuyumba. Malizia umelala chali, mpira katikati ya magoti, ubane. Hizo mbio za kilomita 10 mnazowapa vijana waachieni wa marathoni. Chini ya miaka 12 hata kilima sitaki: mpe soka, aogelee.

Mdau, Nairobi: Mna bahati, mnagombania kuyeyusha! Sisi barafu ni ile ya hoteli ya Panari, Mombasa Road, kiwanja kidogo, na Kenya imeingia shirikisho la dunia la hoki ya barafu 2024 hivyohivyo. Wengi wetu tumekulia kwenye skeiti za magurudumu. Mbona hamzitaji?

Kocha wa viungo, Minnesota: Kwenu ni sawa, ndiyo njia iliyopo. Kwa huyu wa Edmonton aliyeteleza tangu Septemba, magurudumu si mapumziko. Mguu unasukumwa vilevile, kinena ni kilekile.

Mama Wawili, Edmonton: Agosti bure nakubali. Ila nani ataibana halmashauri iandike hilo neno "bure"?