Nina ndoo ya lego, nataka kupanga meza ya kibanda. Mafundi mko wapi?

wakala_mwanga

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo, na mkicheka chekeni pembeni.

Nina kibanda cha uwakala hapa Mwanga, Kigoma, jirani na soko. Meza yenyewe ni ubao tu. Ukiweka daftari la miamala na kiwiko chako, umejaa. Juu ya ubao huohuo vinatakiwa vikae vitochi (simu ndogo za batani) vinne vya laini za uwakala wa pesa za simu, simu yangu, kalamu, muhuri, chenji, na waya za chaja ambazo ukivuta mmoja zinakuja zote. Mteja anafika na mzigo wa dagaa begani, anataka kutoa elfu ishirini awahi gari la Kasulu, mimi ndiyo kwanza nafukua simu chini ya daftari. Kalamu nazo, ukimpa mtu asaini anaondoka nayo, na wala si mwizi, ni haraka tu.

Sasa kuna mtumishi jirani yetu kahamishwa, akauza vyombo vyake. Wenzangu wakagombea friji na kabati, mimi nikatoka na ndoo ya lita kumi imejaa lego za watoto wake, vile vitofali vya plastiki vya kupandanisha. Mwanangu kazichezea kidogo, karudi kwenye mpira wake. Nikabaki nazitazama: si matofali haya? Kwa nini nisijijengee cha kuwekea kalamu, cha kusimamishia simu, na vijisanduku vya chenji?

Nimejaribu kupandanisha ukuta wa kopo la kalamu, pembeni unafunguka kama mlango. Niweke gundi? Halafu ndani ya ndoo kuna makubwa, kuna madogo, na mengine yanaonekana ya Kichina. Yanachanganyika? Na la mwisho: ndoo iliwahi kuwa ya mawese, kwa hiyo ya chini yote yananata na yamegeuka rangi. Yasafishwe kwa nini?

mzee_wa_kibirizi

Binti yangu, kopo la maziwa ya unga lipo. Lioshe, weka kalamu. Hizo lego mpe mtoto wa jirani upate thawabu.

wakala_mwanga

Shikamoo mzee. Kopo ninalo, ndilo lililojaa chenji, na nikitafuta mia mbili namwaga zote. Tusaidiane kwanza hili la lego, la thawabu tutarudi.

fundi_gungu

Dada wakala, mimi ni mwashi, nimejenga Gungu, Katubuka mpaka Ujiji. Wanangu wanazo hizo lego na meza ninayochorea makadirio ya vifaa imejaa nilivyojijengea mwenyewe, kwa hiyo nacheka kwa sababu nyingine: ukuta wako unafunguka kwa kosa lilelile linalopasua nyumba za watu. Umepanga kiungio juu ya kiungio na kona hukuzifunga. Gundi weka mbali kabisa. Ukuta uliofungwa vizuri hauhitaji gundi, na ukiigandisha siku ukitaka kubadilisha umeharibu tofali.

Kwanza ujue vipimo, kwa sababu uzuri wa haya matofali ni kwamba hayadanganyi. Kutoka katikati ya kinundu kimoja cha juu hadi kingine ni milimita 8. Tofali moja lina kimo cha milimita 9.6, bila kuhesabu kinundu. Yale mabamba membamba, matatu yakipandana yanakuwa sawa na tofali moja. Huna haja ya futi kamba, unahesabu vinundu tu. Kiwanda chenyewe kiko Denmark, mji wa Billund, na tofali la muundo huu, lenye mirija kwa ndani, liliombewa hataza (haki ya mbunifu) mwaka 1958. La mwaka huo mpaka leo linashikana na jipya. Sisi huku tanuru moja tu linatoa tofali saba za vimo saba, unaanza kuziba kwa udongo.

Sasa kopo la kalamu. Chambua yale ya vinundu viwili kwa vinne, ndiyo mengi kwenye kila ndoo. Utahitaji 68.

Sakafu: matofali manane yapange upate mraba wa vinundu nane kwa nane, yote yakielekea upande mmoja. Hapo bado hayajashikana, usiogope, kozi (mistari ya matofali) mbili za kwanza ndizo zitayashika. Kozi ya kwanza: upande wa mbele weka mawili yaliyofuatana, upande wa nyuma mawili, kisha kushoto moja na kulia moja kuziba katikati. Jumla sita, na ndani imebaki nafasi ya vinundu vinne kwa vinne. Kozi ya pili, geuza: sasa kushoto na kulia ndiko kunakopata mawili mawili, mbele na nyuma moja moja. Hapo tazama kona. Tofali la juu limekata njia ya la chini, kiungio cha chini kimelaliwa na tofali zima. Ya tatu rudi kama ya kwanza, ya nne kama ya pili. Ukifika kozi kumi una kuta za sentimeta 9.6 na shimo la milimita 32 kila upande, kalamu nane zinaingia bila kugombana. Shika kona mbili uvute kwa nguvu. Likifunguka, kuna kozi hukuigeuza.

Vijisanduku vya chenji ni kitu hichohicho kilichokatwa kimo. Kozi tatu zinatosha, vidole vifike chini, na mia tano inalala humo vizuri. Ila usijenge vijisanduku vinne ukavipanga bega kwa bega, utamaliza matofali na vitatembea mezani. Jenga kimoja kirefu chenye kuta za kati, na kila ukuta wa kati uuingize ndani ya ukuta wa nje kila baada ya kozi moja, kama unavyofunga chumba na korido.

Makubwa na madogo: yale makubwa ya watoto wadogo sana, kama ni ya Lego yanaitwa Duplo, ni mara mbili kamili ya madogo, urefu, upana na kimo. Tofali dogo la mbili kwa nne linakaa juu ya kubwa na kushika. Kwa hiyo makubwa yafanye msingi. Ya Lego utayajua, kila kinundu kimeandikwa jina. Yasiyo na jina nayo mengi yanaingiliana, ila mengine yanabana mno na mengine yanalegea. Usiyatupe, yaweke kozi za katikati. Kona na kozi ya mwisho juu weka yale unayoyaamini.

Mawese: maji ya vuguvugu, sabuni ya unga, mswaki wa zamani, na yasizidi nyuzi 40. Usichemshe kama nguo za mtoto, yatajikunja. Petroli usiguse, na ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha ndiyo kabisa: nyingi zina asetoni, na asetoni inayeyusha hii plastiki. Kaushia kivulini, vinundu vikiangalia juu maji yatoke.

wakala_mwanga

Fundi, Mungu akuzidishie. Nimejenga nikiwa kibandani wateja wananisubiri! Kona zimegoma kufunguka. Kwenye kozi ya nne mteja mmoja mama wa Kirundi aliyekuja kubadilisha pesa akaanza kunipa matofali mkononi, tukawa mafundi wawili. Matofali yenye mawese yamekubali sabuni, harufu imebaki kidogo, lakini Kigoma hii nani atalalamika.

Sasa simu. Nimesimamisha ukuta mdogo nikaegemeza simu, inateleza mbele inalala chali.

ticha_tabora

Niingilie kidogo, nafundisha fizikia huku Tabora na darasani lego natumia sana.

Simu inateleza kwa sababu uzito wake unasukuma miguu yake mbele. Inataka kizuizi mbele, yaani kikuta cha kozi moja, halafu ukuta wa kuegemea nyuma. Kwa simu kubwa acha vinundu vinne kati ya kizuizi na ukuta, na ukuta uwe na kozi tano. Itaegemea kama nyuzi 25 kutoka wima, ambapo unasoma kioo ukiwa umekaa na unabonyeza bila kuinama. Ukileta ukuta karibu zaidi simu inasimama wima, mkono ukiigusa inakuangukia.

Kingine, nyuma ya ukuta ongeza mkia wa vinundu vinne vya sakafu. Unapobonyeza juu ya kioo unasukuma kitu kizima kinyumenyume, na bila mkia kinapinduka. Hizi plastiki ni nyepesi sana, tofali la mbili kwa nne ni gramu mbili na kidogo tu.

Na kama kuna mwenye kompyuta mezani anayetaka kuinua kioo chake, asiwe na hofu ya kuvunja. Mwaka 2012 wahandisi wa Open University ya Uingereza walilibana tofali la mbili kwa mbili kwa mashine, likahimili wastani wa niutoni 4,240 kabla ya kushindwa. Hiyo ni kama kilo 430 juu ya kijitofali kimoja. Meza yako itavunjika kwanza.

mzee_wa_kibirizi

Kilo 430! Basi tuezekee mitumbwi.

fundi_gungu

Mzee mitumbwi tuache, maji yatapita kwenye viungio.

Ticha kasema vizuri, mimi naongeza ya fundi. Dada, msingi wa cha simu uache wazi katikati ujaze kokoto ndogo, au misumari iliyopinda, ndipo ufunike. Kinapata uzito, hakitembei. Chini bandika vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye pembe, na hapo ndipo pekee nakuruhusu gundi, kidogo. Ubao wa kibanda ni laini, plastiki juu yake inateleza kama sabuni.

Na uache njia ya chaja tangu mwanzo. Watu wanajenga, wanafurahi, kisha kichwa cha chaja hakina pa kuingia. Simu iinue kwenye nguzo mbili za kozi tatu, kati yake acha uwazi wa vinundu vitatu, na kizuizi cha mbele kikate hapohapo. Kizuizi na ukuta wa nyuma vianze kuhesabiwa juu ya nguzo, si juu ya meza.

Waya zinazovutana: angalia kama humo ndani kuna vile vijitu vidogo vya njano. Mikono yao imefinyangwa kushika fimbo ya milimita 3.2, na waya nyingi za chaja zinakaribia hapo. Panda vijitu vinne kwenye ukingo wa meza, kila kimoja kinashika waya wake. Kichwa cha chaja hakirudi chini ya meza tena.

mama_wawili_ujiji

Nawapenda lakini ngoja niwe mkali. Dada, kama wateja wako wanakuja na watoto, hivyo vijitu na vile vipande vya kinundu kimoja usiweke ukingoni upande wa mteja. Mtoto wa chini ya miaka mitatu kila kitu ni chakula. Weka upande wako, au tumia vibanio vya nguo.

wakala_mwanga

Asante mama, nitavigeuzia kwangu. Vijitu vipo sita, kimoja hakina kichwa, hicho nitakipa laini yenye mtandao mbovu.

Fundi, vitochi ni vinene na vifupi. Nikifuata kipimo cha simu kubwa vinazama, naona skrini nusu. Na nataka vinne vikae pamoja, visiwe vibanda vinne.

fundi_gungu

Kwa kitochi ukuta ushushe uwe wa kozi nne, nafasi ya vinundu vinne iache ilivyo, unene wa kitochi ndio utakaojaza. Kila kimoja kipe upana wa vinundu saba, kwa hiyo vinne ni 28. Jenga 32 upate nafasi ya vijikuta vya kutenganisha, ni sentimeta 25.6, ubao wako utameza. Ukuta mrefu hivyo ujenge wa upana wa vinundu viwili, kila kozi isogee nusu tofali kutoka ya chini, na kati ya kitochi na kitochi toa kijikuta cha kinundu kimoja kuja mbele. Hicho kinatenganisha simu na pia kinazuia ukuta kuyumba. Rangi nazo zitumie: kila laini rangi yake, mkono utajua kabla ya jicho.

Nguzo za chaja hapa ruka. Vitochi vingi tundu liko pembeni au juu, angalia chako kwanza.

wakala_mwanga

Viwili tundu chini, viwili juu. Basi hivyo viwili nitaviinua, kesho asubuhi kabla sijafungua.

fundi_gungu

Viinue vyote vinne kimo kimoja, sakafu iende sawa. Ukichanganya vimo ukuta wa nyuma utakusumbua.