Uzamili wa picha za ubongo: muuguzi anaweza?

Binti Ujiji: Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi hapa Kigoma. Baba alipata kiharusi, maneno yakapotea kabisa, hata jina langu. Lakini nyimbo zake za kuvua dagaa anaziimba mpaka mwisho, macho yakiangalia ziwa! Nataka kusomea hilo. Fizikia niliiacha kidato cha nne.

Mnyamwezi: Pole kwa mzee, dada. fMRI, yaani mashine ya sumaku inayopiga picha ubongo ukiwa kazini, haioni mawazo. Inafuata oksijeni kwenye damu, kama mwanasayansi Mjapani Seiji Ogawa alivyoonyesha mwaka 1990. Kinachowashinda wengi ni takwimu. Anza nazo.

Kaka Mwanga: Pakua SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo, ni bure. Picha za mazoezi zipo kwenye tovuti ya OpenNeuro. Mimi napakua usiku, bando likiwa rahisi.

Binti Ujiji: Asanteni sana. Nikitoka zamu naanza.