Pedi inawaka, kompyuta kimya

*Kikundi: Nyumba ya Bibi*

Salim: Shikamooni wakubwa wote. Jamani nani anajua mambo ya pedi?

Shangazi Zuhura: Marahaba. Pedi gani tena Salim?

Salim: Ya gemu shangazi 🙈 Ya PS4, ile PlayStation

Shangazi Zuhura: Haya. Nilishtuka.

Idi: 😂😂😂

Salim: Nataka niichezee kwenye kompyuta. Nimechomeka waya, taa ya chungwa inawaka inafifia, inawaka inafifia, kama inapumua. Ila kompyuta kimya. Haijatoa hata ule mlio wa kitu kimechomekwa.

Idi: Hiyo kompyuta imezeeka mdogo wangu

Salim: Windows 10 kaka, si ya zama za mawe

Idi: Basi draiva, ile programu ya kuifanya kompyuta ielewe kifaa. Tafuta draiva ya pedi ya PS4 mtandaoni, shusha, weka, washa upya.

Salim: Nimeshaweka tatu tangu mchana 😩 Moja imekuja na matangazo, kila nikifungua kitu linaruka tangazo.

Mjomba Hamisi: Tatu?

Salim: Shikamoo mjomba. Ndiyo, tatu.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Hiyo iliyokuja na matangazo iondoe sasa hivi kabla hatujaongea lolote. Zilizobaki zinaitwaje?

Salim: Moja DS4Windows. Nyingine haifunguki kabisa, hata jina lake silielewi.

Mjomba Hamisi: Isiyofunguka nayo itoe. DS4Windows iache, inajulikana, lakini usiifungue kwanza. Na Idi, acha kumtuma mtoto kushusha vitu ovyo.

Idi: Nimesema tafuta mjomba, sikusema ovyo 😅

Mjomba Hamisi: Salim, pedi hiyo kwenye Windows 10 haihitaji ushushe draiva ndipo itambulike. Windows inayo yake tayari. Kompyuta ikiwa haijatoa hata mlio, tatizo liko kabla ya draiva. Umetumia waya gani?

Salim: Huu wa kuchajia spika

Mjomba Hamisi: Ahaa.

Salim: Lakini unaingia vizuri tu mjomba! Na pedi inakula chaji.

Mjomba Hamisi: Kula chaji na kuongea ni vitu viwili. Waya kamili wa pedi hiyo una nyuzi nne ndani. Mbili za umeme, mbili za data. Nyaya nyingi zinazokuja na spika na tochi zimewekewa zile mbili za umeme tu, basi. Kwa nje ni mapacha, huwezi kuzitofautisha. Pedi inapata umeme, inapumua hiyo taa yako ya chungwa, wewe unadhani imeunganika. Kompyuta haijui hata kama kuna mtu mlangoni.

Salim: Sasa nitajuaje upi ni upi?

Mjomba Hamisi: Chukua simu ya zamani yenye tundu kama la pedi, iunganishe na kompyuta kwa waya huo. Simu ikichaji tu, isikuulize kama unataka kuhamisha mafaili, na kompyuta isionyeshe chochote, waya huo achia spika.

Mama Salim: Waya wa kuhamishia picha ninao mimi. Uko kwenye droo. Lakini ni WANGU.

Salim: Dakika mbili tu mama

Mama Salim: Dakika mbili zako nazijua.

Salim: IMELIA!!! Mjomba imelia! 🎉

Idi: Mchana kutwa kwa sababu ya waya 😂

Mjomba Hamisi: Asilimia kubwa huwa ni waya. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua pedi nzima, skrubu zote nne, betri nje, kumbe waya. Sasa usikimbilie gemu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Kitatokea kijisanduku, andika joy.cpl, bonyeza Enter.

Salim: Kuna orodha, ina kitu kimoja: Wireless Controller. Mbona inasema haina waya na nimechomeka waya?

Mjomba Hamisi: Ndivyo inavyojitambulisha siku zote, isikusumbue. Ingia Properties, bonyeza mraba.

Salim: Namba 1 imewaka nyekundu. Msalaba 2. Duara 3. Pembetatu 4. Vitufe vya mabegani navyo vinawaka 🔥

Mjomba Hamisi: Vijiti?

Salim: Kuna kialama kama cha kujumlisha ndani ya mraba, nikisukuma kijiti cha kushoto kinakwenda. Nikiachia kinarudi, ila hakikai katikati kabisa. Kimeegemea kushoto kidogo.

Mjomba Hamisi: Kijiti kimechoka. Liweke akilini hilo, litatokea tena.

Salim: Sawa, naingia kwenye gemu.

Salim: Mjomba, gemu haiioni pedi. Inaniambia nitumie kibodi.

Shangazi Zuhura: Si mmeshasema imeunganika?

Mjomba Hamisi: Imeunganika. Windows inaiona, gemu ndiyo haiielewi. Gemu nyingi za Windows za miaka hii zinasikiliza lugha moja tu inaitwa XInput, ya Microsoft, ilikuja pamoja na Xbox 360, mashine yao ya gemu, mwaka 2005. Pedi ya Xbox imezaliwa nayo. Hii ya PlayStation inazungumza lugha nyingine, na kile kijisanduku cha joy.cpl kinaisikia, lakini gemu lako halikusomea.

Bibi: Kwa hiyo mgeni kafunguliwa mlango, kakaribishwa, kumbe haelewani na wenyeji

Mjomba Hamisi: Mama umemaliza. Anahitaji mkalimani.

Idi: Ndiyo nikasema DS4Windows!!

Mjomba Hamisi: Na hapo hukukosea. Inaipokea pedi ya PS4, halafu inalionyesha gemu pedi ya Xbox 360 ya kubuni. Mkalimani wa pili ni Steam, ile programu ya kununulia na kufungulia magemu, nayo inafanya kazi hiyohiyo bila kupandikiza draiva ya ziada kwenye Windows. Mimi napenda Steam kwa sababu hiyo, na kwa sababu kila gemu unaweza kulipangia vitufe vyake. Steam unayo?

Salim: Ninayo, ila gemu hili sikulipata humo

Mjomba Hamisi: Si kitu. Fungua Steam, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya Controller, ruhusu Steam Input kwa pedi za PlayStation. Kisha kwenye menyu ya Games chagua Add a Non-Steam Game, ulionyeshe gemu lako lilipo. Kuanzia leo lifungulie ndani ya Steam. Ukibofya ile picha yake ya kwenye desktopu, mkalimani anabaki nje.

Dada Asha: Samahani kuingilia. Mimi nina pedi ya Xbox One, laptopu yangu ina Bluetooth, natafuta pedi siioni hata kwa dawa. Nayo inataka mkalimani?

Mjomba Hamisi: Hapana, hiyo inajua lugha, shida yake nyingine. Angalia kile kitufe chenye nembo, pale juu katikati. Plastiki inayokizunguka imeungana na uso wa pedi, au ni kipande cha peke yake kilichoungana na vitufe vya mabegani?

Dada Asha: Subiri niwashe taa

Dada Asha: Kipande cha peke yake, kinang'aa

Mjomba Hamisi: Basi ni toleo la mwanzo, halina Bluetooth kabisa. Walianza kuiweka mwaka 2016, kwenye pedi za Xbox One S. Yako inatumia redio ya Xbox yenyewe, kwa hiyo chomeka waya, au tafuta kile kipokezi cha USB cha Xbox cha kompyuta.

Dada Asha: Wiki mbili nalaumu laptopu 🤦🏾‍♀️ Waya wa simu unafaa?

Salim: Kama wa data 😎

Idi: Tazama fundi mpya

Salim: Mjomba gemu imeiona!! Lakini kuna kioja. Kwenye menyu nikibonyeza chini mara moja inaruka mistari miwili. Nikitaka Mipangilio nafika Kutoka.

Mjomba Hamisi: Wakalimani wawili wanaongea kwa pamoja. Angalia pembeni ya saa, kona ya chini kulia, kama DS4Windows haijajifungua.

Salim: Ipo 😳 Imejiwasha pamoja na kompyuta

Mjomba Hamisi: Ifunge kabisa. Isifichwe tu, ifungwe. Gemu lilikuwa linapokea pedi mbili kutoka mkono mmoja.

Salim: Imetulia. Naanza mechi, Idi kaa mkao wa kufungwa

Idi: Karibu

Idi: Mbona unapiga mpira nje kila ukifika golini? 😂

Salim: Gemu inaniandikia X kwa shuti, nabonyeza X anatoa pasi!

Mjomba Hamisi: Hahaha. Gemu linaamini umeshika pedi ya Xbox, nalo linakuandikia herufi za Xbox. Kule X ni kitufe cha kushoto, yaani mraba wako. Msalaba wako ndio A yake. Duara ni B, pembetatu ni Y. Tazama kitufe kilipo, usisome herufi. Magemu mengine yana alama za PlayStation kwenye mipangilio yake, chungulia.

Salim: Aaah! Nimekosa penalti kwa herufi!

Idi: Tatu bila. Herufi zimefunga mawili, mimi moja.

Salim: Na kuna mchezaji wangu anatembea mwenyewe. Sijamgusa anakwenda kushoto tu, polepole, kama ana ahadi na mtu.

Mjomba Hamisi: Si nilikuambia? Kile kijiti. Kwenye Steam, mipangilio ya pedi, kuna kitu wanaita deadzone. Ni duara dogo la katikati ambalo kijiti kikicheza ndani yake hakihesabiwi. Liongeze kidogo kidogo mpaka asimame. Usizidishe, ukizidisha kijiti kitakuwa kizito, utasukuma nusu ndipo aamke.

Salim: Amesimama. Asante sana mjomba. La mwisho: naweza kuutoa waya? Mama ananiangalia.

Mama Salim: Sijakuangalia. Naangalia waya.

Mjomba Hamisi: Kompyuta ina Bluetooth?

Salim: Inayo

Mjomba Hamisi: Chomoa waya. Pedi ikizima, shika Share na kile kitufe cha PS kwa pamoja, usiachie. Taa itaanza kumeta harakaharaka, mara mbili mbili. Hapo ndipo uende kwenye mipangilio ya Bluetooth ya Windows uongeze kifaa. Ukishika PS peke yake haijitangazi, inamtafuta mwenyeji wake wa zamani.

Salim: Mwenyeji wa zamani ni PS iliyoko sebuleni?

Mjomba Hamisi: Ndiyo.

Salim: Imemeta. Imeonekana. Imeshika! Haina waya! 🕺🏾

Idi: Rudi tumalize mechi, usitafute visingizio vya Bluetooth sasa

Salim: Inachelewa kidogo au ni mimi?

Mjomba Hamisi: Kuna kitu kimechomekwa karibu? Diski ya nje?

Salim: Ipo, ubavuni, ya USB 3

Mjomba Hamisi: Ichomoe ujaribu. USB 3 inatoa kelele za redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na Bluetooth inaishi hukohuko.

Salim: Afadhali sana. Idi njoo sasa

Rehema: Kaka Salim umeifanya nini pedi???

Rehema: Nimeichukua hapo mezani uliposimama kunywa maji. Nabonyeza PS, taa inameta nyeupe kidogo halafu inazima. PS haiwaki. Nilikuwa hatua ya mwisho kabisa ya gemu langu 😭

Salim: Ulichukua pedi katikati ya mechi?!

Idi: Kumbe ndiyo maana umesimama uwanja mzima kama mlingoti. Nne bila.

Rehema: Mama mwambie arudishe ilivyokuwa!

Mjomba Hamisi: Tulieni. Haijaharibika. Pedi ya PS4 inakumbuka mwenyeji mmoja tu wa bila waya. Tangu Salim aiunganishe na kompyuta, imeisahau PS. Ukibonyeza PS inaita kompyuta, kompyuta ikikaa kimya inazima. Rehema, iwashe PS kwa kitufe chake cha mbele, ichomeke pedi kwa waya, bonyeza kitufe cha PS mara moja. Itarudi nyumbani, kisha chomoa.

Salim: Na nikitaka kucheza tena kwenye kompyuta?

Mjomba Hamisi: Share na PS tena, mwanzo hadi mwisho. Kila mkibadilishana. Au mmoja wenu acheze kwa waya moja kwa moja. Mimi ningeshauri wewe Salim ubaki na waya.

Rehema: Nimechomeka, hakuna kitu. Inapumua chungwa tu.

Salim: Umechomeka waya gani?

Rehema: Huu ulikuwa karibu na spika

Dada Asha: 😂😂😂😂

Bibi: Hata mimi hapo nimejua

Salim: Rehema huo ni wa chaji! Chukua ule wa mama

Rehema: Uko wapi?

Mama Salim: Hilo ndilo swali langu tangu dakika mbili zilipoisha. Waya wangu uko wapi?

Salim: Upo mama. Ulikuwa hapa. Diski ya nje nimeichomoa nikaiweka juu ya…

Salim: Nakuja